Wimbo wa Sauti Sol Kwenye Video ya Azimio: Nani Alipaswa Kuulizwa?

Mwezi Mei mwaka 2022, kwa siku kadhaa, karibu kila Mkenya mwenye simu aligeuka mwanasheria wa hakimiliki. Chanzo kilikuwa wimbo mmoja wa starehe uliojikuta ndani ya siasa. Nimeona nikiandike kisa hiki chote kwa sababu maoni yaliyotolewa wakati ule bado yanarudiwa mpaka leo, karibu neno kwa neno, kila msanii anapolalamika kwamba kazi yake imechukuliwa. Mengi ya maoni hayo hayana msingi, na yanawaumiza watu wanaoishi kwa muziki.

Yaliyotokea ni haya. Jumatatu, tarehe 16 Mei 2022, Raila Odinga, ambaye sasa ni marehemu, alimtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wake katika muungano wa Azimio la Umoja. Hafla ilifanyika katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi, na ilikuwa siku kubwa: muungano mzito namna ile ulikuwa haujawahi kumweka mwanamke katika nafasi hiyo. Siku hiyohiyo kundi la muziki la Sauti Sol likatoa tamko. Walisema wimbo wao "Extravaganza" umetumika kulinogesha tangazo la Karua, na kwamba video yenye wimbo huo imewekwa kwenye kurasa rasmi za Raila mitandaoni, ilhali wao hawakuombwa wala hawakutoa ruhusa. Walitaja kifungu cha 35 cha Sheria ya Hakimiliki, Sura ya 130, kinachoeleza ukiukaji wa hakimiliki. Wakaongeza kwamba wao hawafungamani na chama chochote cha siasa, na kwamba watatafuta haki yao kisheria.

Azimio walijibu kwa upole. Walieleza kwamba kuucheza wimbo ule ilikuwa ishara ya kuupenda muziki wa nyumbani. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, nayo ikaingia kati kufafanua ni leseni gani inahitajika wapi. Mwezi Agosti nchi ikapiga kura, William Ruto akatangazwa mshindi, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na suala la wimbo likafunikwa na mambo makubwa zaidi.

Kwa hiyo tukio lenyewe halikuwa refu. Kilichochukua muda ni ubishi wa watu.

Kuna waliosema Sauti Sol hawana shukrani: kiongozi wa hadhi ya Raila anapiga wimbo wako mbele ya nchi nzima, nawe unanuna? Kuna waliosema wimbo uko YouTube, kila mtu anausikiliza bure, sasa kosa liko wapi. Wengine, wenye kujua mambo kidogo, walisema Azimio wakishalipa ada ya chama cha wanamuziki wamemaliza, hawana deni na mtu. Na palikuwa na wale wa siku zote wa msimu wa uchaguzi, walioamua kwamba kundi limetumwa na upande wa Ruto. Hawa wa mwisho sitawajibu kwa urefu. Ukiwa na haki, haki hiyo haipungui kwa sababu mpinzani wa aliyekukosea ameifurahia.

Hoja ya ada ndiyo nzito kuliko zote, maana ina ukweli ndani yake. Tuianze hiyo.

Ukumbini na kwenye video

Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodia, ambayo ni ya watunzi na mchapishaji wao. Ya pili ni rekodi: sauti yenyewe iliyonaswa studio, ambayo kwa kawaida ni ya lebo, yaani kampuni ya muziki, au ya aliyegharamia kurekodi. Unaposikia wimbo unasikia vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo maana ni rahisi kusahau kwamba wenyewe wanaweza kuwa watu tofauti kabisa.

Mwaka 2022 nchini Kenya kulikuwa na vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya kutumia kazi zao, vilivyowawakilisha watu hawa: MCSK kwa watunzi na wachapishaji, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Mwenye hoteli, mwenye baa, mwenye matatu yenye spika kubwa, mwandaaji wa tamasha, wote wanatakiwa kuwa na leseni ya kucheza muziki hadharani. Leseni hii ni ya jumla. Huhitaji kumpigia simu kila msanii aliyeko kwenye orodha yako. Unalipa ada, unacheza, na vyama vinagawa fedha. (Namna vinavyogawa fedha hizo ni kilio kingine cha wasanii wa Kenya cha miaka mingi, na hakiishi katika aya moja.)

Tukichukulia kwamba wenye hafla au wenye ukumbi walikuwa na leseni ya namna hiyo, basi DJ kuucheza "Extravaganza" pale ukumbini, watu wakanyanyuka na kucheza, hakukuwa na tatizo la kisheria. Hapo waliowatetea Azimio walikuwa sahihi, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Hata televisheni iliyorusha habari jioni ile na wimbo ukasikika nyuma ya sauti ya mwandishi ilikuwa salama, kwa sababu sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya kuripoti matukio.

Lakini malalamiko ya Sauti Sol hayakuwa juu ya ukumbi peke yake. Yalikuwa juu ya wimbo kufungwa kwenye picha na kusambazwa. Hilo ni tendo jingine, na lina leseni yake: leseni ya kuunganisha muziki na picha. Leseni hii haitolewi kwa ada ya jumla. Inaombwa kwa wenye utunzi na kwa wenye rekodi, wote wawili, kwa wimbo huo mmoja, kwa matumizi hayo mahususi, na wana uhuru wa kukataa bila kutoa sababu.

Watu wengi huuliza kwa nini iwe hivyo, wakati sauti ni ileile. Sisi tunaohariri video tunalijua jibu kwa vidole. Unafungua programu, picha ziko mstari wa juu, sauti mstari wa chini. Unauvuta wimbo, unaikodolea macho ile michirizi ya mawimbi, unatafuta mahali ngoma inapoingia kwa kishindo. Unakata hapo. Unausogeza kidogokidogo mpaka kishindo kile kiangukie sawasawa na sekunde ambayo uso wa mhusika unajaza skrini. Kisha unaicheza, na mwili unasisimka. Dakika tano kabla ilikuwa picha ya mtu akitembea jukwaani na kupunga mkono. Sasa ni ujio wa shujaa. Hakuna kilichobadilika kwenye picha. Kilichoongezeka ni kazi ya watu walioshinda studio wakiutengeneza ule mdundo. Na mtazamaji, bila kuambiwa, anaondoka akiamini kwamba wenye mdundo wako pamoja na mwenye uso.

Ukumbini wimbo unapita. Ukiisha, DJ anaweka mwingine. Kwenye video wimbo unabaki, unatumwa WhatsApp, unakatwa na kupachikwa tena, na baada ya mwaka mtu akiusikia kwenye daladala au matatu anamkumbuka mgombea.

"Lakini uko YouTube"

Hili la YouTube linahitaji maneno machache tu. Kuwekwa hadharani hakuufanyi wimbo kuwa wa umma. Chini ya sheria ya Kenya, hakimiliki ya kazi ya muziki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. "Extravaganza" ilitoka mwaka 2019. Ukiusikiliza YouTube, kuna mkataba kati ya YouTube na wenye wimbo, na wewe unasikiliza ndani ya mkataba huo. TikTok nako, ile maktaba kubwa ya nyimbo unayochagua kuweka kwenye video yako ni kwa matumizi ya kawaida ya mtu binafsi. Akaunti za biashara hupewa maktaba nyingine, ndogo zaidi, ya muziki ulioruhusiwa kwa matangazo. Kwa hiyo binti aliyecheza wimbo huohuo chumbani kwake na timu ya mawasiliano ya mgombea urais hawako katika hali moja, hata kama wote walibonyeza kitufe kilekile.

Na ile imani kwamba sekunde kadhaa za kwanza ni halali, wengine husema 15, wengine 30? Haipo kwenye sheria ya Kenya. Sijui nani aliianzisha, ila nimeisikia kutoka kwa wapiga picha za harusi, watangazaji wa redio na hata watu wa matangazo ya biashara wanaopaswa kujua zaidi.

Kesi mbili za mbali zinazofanana

Sauti Sol si wa kwanza, na tuna bahati kwamba mahakama za kwingine zimelazimika kuyajibu maswali yaleyale.

Ya kwanza ni New Zealand. Katika uchaguzi wa 2014 chama cha National kilirusha tangazo la televisheni lenye muziki uliofanana sana na "Lose Yourself" ya Eminem. Haukuwa wimbo wenyewe. Ulikuwa muziki wa kuiga, ulioitwa "Eminem Esque", ambao chama kiliupata kutoka maktaba ya muziki wa kukodisha, na kikaamini kwamba kimeshalipia kila kitu. Tangazo lilirushwa mara 186 ndani ya siku 11. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilisema kwamba hakimiliki imekiukwa, na ikaamuru fidia ya dola 600,000 za New Zealand. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaipunguza hadi dola 225,000, lakini kosa lenyewe likabaki palepale. Yaani hawa walikuwa na stakabadhi mkononi, walikuwa wameuliza wataalamu, na bado walikutwa na hatia ya kuchukua kisichokuwa chao.

Ya pili iko karibu zaidi na kisa chetu. Agosti 2020 akaunti ya Twitter ya Donald Trump iliweka video ya katuni ya sekunde 55. Treni ya kasi yenye jina lake inapita. Nyuma yake anafuata Joe Biden kwenye kitoroli cha reli anachokisukuma kwa mikono, na hapo ndipo "Electric Avenue" ya Eddy Grant inapoanza kusikika, takriban sekunde 40 mpaka mwisho. Video ilitazamwa zaidi ya mara milioni 13 kabla ya kuondolewa. Grant, mzaliwa wa Guyana, akafungua kesi New York.

Utetezi wa Trump unafanana ajabu na maoni ya mtandaoni. Hatukuitengeneza sisi, tuliikuta tukaisambaza. Ni utani wa kisiasa, kwa hiyo ni matumizi ya haki. Jaji John Koeltl aliukataa mwaka 2021 alipogoma kuifuta kesi, na Septemba 2024 akaamua kwamba ukiukaji umefanyika na kwamba utetezi wa matumizi ya haki hausimami. Sababu yake inafaa kukumbukwa: video ile ilimkejeli Biden, haikuwa na lolote la kusema juu ya wimbo wala juu ya Grant. Kama shabaha yako ni mtu mwingine, hakuna kinachokulazimu kuutumia wimbo huu hasa. Ungeweza kutafuta mwingine, au kulipa.

Ukirudisha hoja hiyo Nairobi, inakaa vizuri kabisa. Video ya kumtambulisha Martha Karua haikuwa na neno juu ya "Extravaganza". Ilitaka uchangamfu wake. Azimio hawakuwa na upungufu wa muziki pia: mwaka huohuo walikuwa na "Leo ni Leo" ya Emmanuel Musindi, wimbo uliotengenezwa upya kwa ajili ya kampeni yao na mwenyewe akiwemo. Njia halali ilikuwepo, na mwaka huohuo waliipita.

Kwa nini "mnatangazwa bure" ni jibu baya

Nimesikia watu wa heshima wakilisema hili, kwa hiyo nalichukulia kwa uzito. Mantiki yake ni kwamba msanii anaishi kwa kusikika. Ukimfanya asikike zaidi umemsaidia. Anayekusaidia hutakiwi kumshitaki.

Kuna hesabu ya fedha hapa, nayo ni wazi. Kuuza leseni za matangazo na filamu ni mojawapo ya njia chache ambazo mwanamuziki wa Afrika Mashariki anaweza kulipwa kwa mkupuo. Tazama upande wa pili, wa miito ya simu, yaani nyimbo anazosikia anayekupigia kabla hujapokea: mpaka mwaka 2022 ndipo sheria ya Kenya ilipoandikwa wazi kwamba mapato yake yagawanywe hivi: msanii asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Ilibidi Bunge liingilie ili mwenye wimbo apate angalau nusu ya mapato ya wimbo wake. Katika mazingira hayo, kumwambia msanii ashukuru kwa kupigiwa wimbo bure ni kumwambia aendelee kuwa mtu wa mwisho kulipwa.

Lakini hata fedha si kiini cha jambo, na hapa ndipo naona mjadala wa 2022 ulipopotea. Tamko la Sauti Sol lilisema hawafungamani na chama. Watu wengi waliiruka sentensi hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye pesa. Mimi naona hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote.

Fikiria kuwa mwanamuziki wa Kenya mwaka wa uchaguzi. Hii ni nchi ambayo machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua zaidi ya watu 1,100 na kuwatoa laki kadhaa makwao, na ambako jina la ukoo la mtu hutosha kwa wengine kukisia kura yake. Mashabiki wako wako Kisumu na wako Eldoret, wako Nyeri na wako Mombasa. Wimbo wako wa starehe ni mojawapo ya vitu vichache wanavyovicheza wote. Asubuhi unaamka, umevalishwa rangi za upande mmoja, na hakuna aliyekuuliza. Ukinyamaza, watasema wewe ni wao. Ukisema, watasema wewe ni wa wale wengine. Na kweli, saa chache baada ya tamko, hivyo ndivyo walivyosemwa.

Kenya imeona namna wimbo unavyoweza kuchukuliwa na siasa ukasahau ulikotoka. Mwaka 2002 "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, wimbo wa vijana wawili wa kujipa moyo, uligeuka wimbo wa muungano wa upinzani wa NARC dhidi ya chama tawala cha KANU, na hadi leo mtu mzima akiusikia anamwona Mwai Kibaki, mgombea wa NARC. Miaka ishirini baadaye "Sipangwingwi" ya Exray, Trio Mio na Ssaru ikawa kauli ya upande wa Ruto, na Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikayaweka maneno yake kwenye orodha ya lugha ya uchochezi. Hebu mtu akae alifikirie hilo: neno la wimbo wa mtaani, baada ya kupita midomoni mwa wanasiasa, linaingia kwenye orodha ya serikali pamoja na matusi ya kikabila. Tamko la Sauti Sol lilikuja mwezi mmoja tu baadaye. Sidhani kama mwanamuziki yeyote makini Nairobi alikuwa hajaiona orodha ile.

Katiba ya 2010 inampa kila Mkenya haki ya kujiunga na kundi analolitaka, na inakataza kumlazimisha mtu kujiunga. Tunapoisoma ibara hiyo huwa tunafikiria kadi za vyama na vyama vya wafanyakazi. Sauti ya mtu nayo ni yake. Kuiweka nyuma ya picha ya mgombea bila kumuuliza ni kumsajili kimyakimya. Katiba hiyohiyo, ibara ya 40, inaitaka dola ilinde mali ya ubunifu ya wananchi, kwa hiyo wanaoomba kuiongoza dola wanapaswa kuwa wa kwanza kuomba ruhusa.

Kuna jambo moja la upande wa pili ambalo nalikubali. Uhuru wa kusema kisiasa ni muhimu, na sheria ya hakimiliki ikitumika vibaya inaweza kuwaziba watu mdomo. Tangu marekebisho ya 2019, sheria ya Kenya ina utaratibu wa notisi ya kuondoa: mwenye haki analalamika, na mtoa huduma anatakiwa kuiondoa kazi ndani ya saa 48 isipokuwa kuna pingamizi. Ni rahisi kuona utaratibu huo ukimwangukia mchekeshaji aliyeuchukua wimbo wa kampeni na kuukejeli. Mchekeshaji huyo ningemtetea kwa nguvu zangu zote. Anausema wimbo, anamsema mwenye mamlaka, na hana mfuko. Timu ya mgombea urais haina hata kimoja kati ya hivyo. Sheria inayompa nafasi mnyonge kumkejeli mkubwa haipaswi kugeuzwa ngao ya mkubwa kuchukua cha mnyonge.

Kama wangeuliza, wangemuuliza nani?

Swali hili halikupata nafasi ya kutosha, nami naliona ndilo lenye faida kwa yeyote anayetengeneza video, iwe ya siasa, ya duka au ya kanisa.

"Extravaganza" si wimbo wa mtu mmoja. Ilitoka mwaka uleule ambao Sauti Sol walizindua lebo yao, Sol Generation, na iliwakusanya Bien, Chimano, Savara na Polycarp pamoja na Bensoul, Nviiri the Storyteller, Crystal Asige na kundi la Kaskazini. Kila aliyeandika mstari ana sehemu yake katika utunzi, kwa kadiri walivyokubaliana. Rekodi ina wenyewe. Kwa hiyo ombi la kweli lingeanza na lebo na mchapishaji, likieleza video ina urefu gani, wimbo unaingia wapi, itarushwa wapi, kwa muda gani, na, muhimu kuliko yote, ni ya nani. Jibu lingeweza kuwa bei. Lingeweza kuwa hapana.

Sheria ya Kenya inairuhusu mahakama, badala ya kukisia hasara, kumpa mwenye haki kiasi cha mrabaha ambacho mtu mwenye leseni angelipa. Ni kipimo kizuri kwa tangazo la sabuni, ambalo bei yake inaweza kujulikana sokoni. Kwa kampeni za siasa kinapwaya, maana kuna wasanii ambao hawauzi kwa siasa kwa bei yoyote, na mahakama ikimpangia mtu wa namna hiyo bei, imemuuza. Hapo ndipo zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha matumizi, lina maana zaidi kuliko fidia, na ndiyo maana mwanamuziki anayelalamika siku ileile, kama walivyofanya Sauti Sol, anafanya jambo la busara kuliko anayesubiri kampeni ziishe ndipo ahesabu hasara.

Na kwa wale waliosema wakati ule kwamba bila shaka yumo aliyeikubali Azimio miongoni mwa waimbaji wenyewe, hawakuwa mbali na ukweli. Miezi michache baadaye, baada ya uchaguzi, Crystal Asige aliingia Seneti kwa kuteuliwa na ODM, chama cha Raila. Hilo halibadilishi chochote katika kisa hiki. Mapenzi yake kwa chama ni yake peke yake, hayawezi kuwasemea wenzake wote walioshiriki wimbo huo. Hata angekuwepo KICC siku ile, akasimama na kuimba sehemu yake jukwaani kwa hiari yake, video ile isingekuwa halali mpaka wenye utunzi na wenye rekodi watie saini.